Nywele Katika Chujio

Levi Wepukhulu alikuwa na msemo wake kuhusu pampu, na ungempa nafasi angekupa hata kama hukumwuliza: pampu haifi kwa kazi, hufa kwa kile inachomeza. Alikuwa ameusema mara nyingi mno pale Kitale, kwa wenye mashamba na wenye hoteli, hata mafundi wenzake wakawa wanamtania kwa kumwita Daktari wa Tumbo. Yeye hakujali. Kazi aliijua, na fundi aliyeijua kazi Kitale ya mwaka 2005 hakukosa wa kumwita.

Jumatatu hiyo asubuhi alikuwa amechuchumaa kando ya kidimbwi cha bustani cha Mzee Kiragu, nje kidogo ya mji, pampu ndogo iliyoungua ikiwa mapajani mwake kama kuku anayesubiri kunyonyolewa. Kiragu na mkewe Wacera walikuwa wakulima wa mahindi. Wazazi wao walikuja huku kutoka Nyeri zamani, na baada ya miaka thelathini ya matope ya shamba, Wacera alikuwa ameomba anasa moja tu maishani: kidimbwi chenye samaki wekundu, na maji yanayoteremka juu ya mawe yakiimba taratibu. Sasa maji yalikuwa yamenyamaza. Pampu ilikuwa imemeza majani ya saipresi, uchafu wa samaki na ule utelezi wa kijani, mpaka mota ikaungua. Na Jumamosi binti yao Nyambu alikuwa anafunga ndoa pale pale bustanini.

"Fundi, wageni wakute maji imesimama kama ya dipu ya ng'ombe, mimi nitaweka uso wapi?" Wacera aliuliza.

"Mama Nyambu, wewe lala usingizi," Levi alimjibu. "Nitaweka pampu ingine, halafu niiwekee chujio ya mbele. Takataka yote inashikwa huko nje kabla ifike kwa pampu. Hiyo mashine itakuwa inakunywa maji safi kuliko sisi."

Alikuwa na furaha ya kupindukia, furaha ya mtu anayetoroka kitu. Kwa kweli Levi hakupaswa kuwa Kitale siku hiyo. Babake, Mwalimu Hesbon, alikuwa amezikwa Jumamosi kwao Misikhu, na Jumatatu ndiyo iliyokuwa siku ya kunyoa.

Katika ukoo wao, siku ya tatu ukihesabu na ile ya mazishi, mzaliwa wa kwanza huketi kwenye kigoda mbele ya ndugu na majirani. Husema waziwazi yaliyokuwa kati yake na marehemu, mazuri na mabaya, kisha wembe hupita kichwani mwake. Wadogo zake hufuata. Wa mwisho ni mjane. Na mpaka wembe umguse mjane, yeye hukaa ndani kwenye mkeka, hapiki, hampi mtu mkono, wala havuki kizingiti ila kwa haja. Mzaliwa wa kwanza asipoketi, hakuna anayeketi.

Mzaliwa wa kwanza alikuwa Levi. Naye alitupa udongo wake kaburini, akala ugali wa matanga, na Jumapili alfajiri akachukua mkoba wake wa spana akaondoka bila kuaga. Angesema nini kwenye kigoda kile? Kwamba babake hakunywa hata maji nyumbani kwake kwa miaka kumi na mmoja, tangu Levi alipoacha chuo cha ualimu akafuata pampu? Kwamba mzee alipolala kitandani alimwita mara tatu, naye mara tatu akasema ana kazi? Watu wa Misikhu wana masikio na wana midomo. Levi alijiambia kwamba asiponyolewa, anayekosewa ni marehemu, na marehemu hawezi kulalamika. Mkaidi hujipa hoja zake mwenyewe na kuzipigia makofi.

Basi akatengeneza chujio, na alilitengeneza vizuri, lazima tumpe haki yake. Alichukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akaitoboa matundu pande zote kwa msumari wa moto. Ndani akapanga kokoto zilizooshwa, juu yake sponji ya godoro aliyoikata kwa kisu, kisha akaizungushia ndoo nzima kipande cha neti ya mbu. Pampu aliiketisha katikati, mota ikiwa imezungukwa kila upande. Hapana jani wala konokono angeifikia. Akafundisha nyumba nzima masharti: pampu iwashwe saa moja asubuhi, izimwe saa moja jioni, na kila asubuhi kabla ya kuwasha, yeye mwenyewe atakuja kuisuuza sponji mpaka harusi ipite.

Maji yakaanza kuteremka juu ya mawe. Wacera alipiga makofi kama msichana.

Jumanne asubuhi Levi alifungua ndoo, akaitoa sponji, akaikamua. Alitegemea matope na majani. Matope yalikuwepo. Lakini kati ya neti na sponji palikuwa na kishungi cha nywele.

Zilikuwa nyeupe, fupi, za kujikunja, nywele za mtu mzee. Levi alizigeuza kwenye kiganja. Aliangalia mbwa wa Kiragu, aliyekuwa amelala kibarazani, rangi ya udongo kutoka pua mpaka mkia. Akamwangalia Kiragu mwenyewe, aliyekuwa na upara uliokamilika tangu enzi za ujana wake. Nywele za Wacera zilikuwa ndefu na nyeusi, kwa msaada wa duka la dawa. Kidimbwi hakikuingiwa na mto wala mfereji, maji yake yalitoka kwenye kisima cha bomba.

"Labda sponji ilikuwa ya godoro ya kitambo," alijisemea. Akazitupa kwenye waridi.

Jumatano zilikuwa nyingi zaidi, zikajaa ngumi. Sponji ilikuwa mpya, ameikata jana yake kutoka kwa godoro lililonunuliwa likiwa kwenye nailoni. Levi aliinama kuzitazama vizuri. Nywele zile hazikuwa zimetapakaa ovyo kama taka inavyotapakaa. Zote zililala upande mmoja, ncha zikielekea kwenye pampu, kana kwamba zimetolewa mahali na kuvutwa safari ndefu.

Hapo ndipo simu yake ilipolia. Alikuwa dadake Nasike.

"Levi, wewe uko wapi?"

"Kazini."

"Kazini! Watu wamengoja juzi mpaka jua ikazama. Baba mdogo Wekoye anakaa na wembe kwa mfuko kama mtu mjinga. Si unajua hatuwezi kunyolewa kama wewe hujaketi?"

"Nyoeni tu. Anzeni na wewe."

"Ati nini? Unataka tuzae laana kwa hii boma? Na mama je? Mama yuko kwa mkeka, Levi. Mama Nasimiyu ambaye hajawahi kaa chini hata akiwa mgonjwa. Nyanya zake zinaozea kwa soko. Jana amekuja kwa mlango, akaangalia barabara, akarudi. Hiyo ilinikata maini, bana."

Levi alifumba macho. Mamake alikuwa mchuuzi wa nyanya na vitunguu sokoni Misikhu, mwanamke mwembamba mwenye mwendo wa haraka, aliyemjua kila mtu kwa jina na kila mtoto kwa tumbo lililomzaa. Kumweka ndani mwanamke huyo ilikuwa sawa na kumfunga kuku miguu kisha kumwonyesha mahindi. Levi alimpenda mamake. Hilo lisitiliwe shaka. Lakini aliogopa kigoda kuliko alivyompenda, angalau Jumatano ile.

"Jumapili," alisema. "Harusi ya watu iishe kwanza. Mwambie mama Jumapili."

"Hata haulizi umekawia wapi," Nasike alisema. "Anasema tu kichwa kinamwuma."

Alipokata simu Levi alizitazama zile nywele tena, na wazo likamjia ambalo mtu yeyote wa ukoo wake angelipata. Babake alikufa akiwa na mvi kama hizi. Babake alimwita mara tatu. Sasa anamfuata kwa njia ya maji, kwa sababu Levi aliyachagua maji akamwacha yeye. Mtu mwingine angepanda gari la kwanza. Levi alikasirika. Alikasirika kweli kweli, akasema kwa sauti pale bustanini peke yake: "Mzee, ulikuwa hutaki kuingia kwangu ukiwa hai. Hata sasa hutaingia."

Akaenda mjini akanunua neti yenye matundu madogo zaidi. Akaongeza sponji ya pili, na kokoto laini. Pampu akaibadilisha, akaweka yenye nguvu zaidi ili ivute vizuri kupitia tabaka zile zote. Aliona amemfungia babake mlango.

Alhamisi ndoo ilikuwa nzito kuinua. Nywele zilikuwa zimejisokota kuizunguka, tabaka juu ya tabaka, na mizizi yake, ile nukta nyeupe ya ngozi, ilikuwa bado mibichi. Wacera alimkuta amepiga magoti akizivuta kwa vidole. Alisimama, kikombe cha chai kikiwa mkononi.

"Fundi," alisema polepole. "Hiyo ni ya mtu."

"Ni ya mbwa, Mama Nyambu."

"Mimi nimesuka watu maisha yangu yote. Hiyo ni ya mtu, na haijakatwa. Imeng'olewa." Akamwangalia kichwani, kwenye nywele zake nene za miezi miwili. "Nani amekufa kwenu?"

Levi aliendelea kuzivuta nywele.

"Mimi nimekaa na majirani Wabukusu miaka mingi. Sijawahi ona mtu wenu ametoka matanga na kichwa kama hicho. Ni babako, ama?"

"Ni yeye."

"Acha hiyo kitu uende kwenu."

"Na harusi?"

Wacera aliyatazama maji yaliyokuwa yakingoja kuamshwa, hema nyeupe zilizokuwa zikisimamishwa, na viti mia tatu vilivyokodishwa. Alikuwa mwanamke mzuri, lakini alikuwa pia mama wa bibi harusi. Alisita kwa muda mfupi kuliko chai inavyochukua kupoa.

"Basi Jumapili asubuhi," alisema. "Ikipita hapo, mimi mwenyewe nakufukuza."

Siku ya Ijumaa sitaki kuieleza sana. Levi alivuta kutoka ndooni shungi la ukubwa wa kofia. Alilichoma nyuma ya banda la ng'ombe, na ng'ombe wakakataa kukaribia upande huo kutwa nzima. Kidimbwini samaki walikuwa wamejikusanya pembeni kabisa, vichwa vikiangalia ukuta.

Harusi ilifana. Maji yaliteremka juu ya mawe, maangavu hata ungehesabu kokoto chini, na wageni walipiga picha mbele yake. Kiragu aliwaita jamaa zake kutoka Nyeri akawaonyesha fundi wake kwa kidole. Levi alisimama kando na sahani ya pilau asiyoigusa. Tangu saa moja asubuhi pampu ilikuwa ikivuma kwa sauti aliyoijua, sauti ya mashine inayovuta kitu kinachokataa kuja. Kama saa kumi hivi sauti ilibadilika ikawa nyepesi. Kitu kilikuwa kimekubali.

Jumapili alifungua ndoo kwa mara ya mwisho. Mlikuwa na nywele chache tu, mkia wa mwisho, na ndani yake mlikuwa na uzi wa sufu wa buluu uliofungwa mafundo mawili.

Levi aliukodolea macho. Babake hakuwahi kufunga uzi kichwani. Mwalimu Hesbon alichana nywele kwa kitana cha mbao kila asubuhi, akavaa kofia, basi. Aliyekuwa akifumua sweta kuukuu la shule, lile la buluu la Levi mwenyewe, na kufungia nywele zake vifundo kwa nyuzi zake ili zisimsumbue sokoni, alikuwa mtu mwingine.

Aling'oa waya wa umeme ukutani bila hata kuzima swichi. Hakuchukua spana zake. Akadandia lori la mahindi lililokuwa likishuka kuelekea Webuye, akasimama nyuma kwenye magunia, Kiminini ikapita, Kamukuywa ikapita, naye akiushika ule uzi mkononi na kuomba kwa sauti, akiahidi mambo ambayo mtu huahidi pale tu akishachelewa.

Misikhu alifika saa sita mchana. Nasike alikuwa uani, nywele zimemsimama kwa majuma mawili ya kutochanwa. Baba mdogo Wekoye, mdogo wa marehemu, alikuwa chini ya ukuta wa jiko. Alipomwona Levi hakumtukana. Alinyanyuka, akaleta kigoda, akakiweka katikati ya ua.

"Kaa," alisema.

"Nimwone mama kwanza."

"Utamwona. Kaa."

Wakaitwa majirani. Levi aliketi, akasema yote. Alisema kuhusu maji ambayo babake hakuyanywa, na kuhusu kuitwa mara tatu. Alisema alikuwa na aibu, na kwamba aibu ile alikuwa ameivika kazi ili watu wasiione. Alilia. Haikuwa mbaya kama alivyodhani. Mzee mmoja alikohoa, mama mmoja akasema "pole, mwana," na wembe ukapita. Jambo alilolikimbia wiki nzima lilikuwa limechukua muda wa kupika chai. Nasike alinyolewa, na ndugu zake wawili. Kisha Wekoye akaufuta wembe kwenye suruali, akaelekea mlangoni kwa mjane.

Mama Nasimiyu alikuwa kwenye mkeka, leso imemfunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Alipomwona Levi alitabasamu kwa uchovu.

"Umefika, papa," alisema, kwa jina lile ambalo akina mama wa kwao huwabembelezea watoto wa kiume.

"Nimefika, mama. Kichwa bado kinauma?"

"Leo hapana. Hiyo siku zingine, jua ikitoka tu, nasikia mtu ameshika nywele anavuta. Anavuta, anavuta, mpaka giza ikiingia ndio ananiachilia. Nilikuwa nasikia na maji kwa masikio, inaanguka kwa mawe." Akaishika leso. "Leo hajavuta. Hana cha kuvuta."

Akaifunua. Kichwa chake kilikuwa kitupu, laini, kinang'aa, hakina hata alama ya unywele mmoja. Nasike alipiga ukelele.

Wekoye alisimama na wembe wake mkononi. Alikuwa amenyoa wajane wengi katika ukoo ule, na alijua kila kanuni, ila hii haikuwa na kanuni.

"Wembe lazima ukate," alisema mwishowe, akiongea taratibu kama mtu anayesoma barua mbaya. "Nikipitisha hapa nitakuwa nafanya mchezo. Mchezo na mjane siwezi. Tutangoja ziote."

"Zitaota," Levi alisema upesi.

"Zitaota," Mama Nasimiyu alikubali, akajifunika leso.

Levi hakurudi Kitale. Spana zake Kiragu alimtumia kwa mtu wa gari, pamoja na kilo mbili za sukari na salamu kwamba kidimbwi ni kisafi, chujio haishiki hata jani. Msimu wa mahindi ulipita, kisha maharagwe. Nasike alisuka nywele mpya. Wenzake Mama Nasimiyu wa sokoni walikuwa wakisimama nje ya ua, wakampigia kelele za salamu na habari za bei ya nyanya, naye akawajibu akiwa ndani, kwa sauti iliyokuwa ikipungua kila mwezi. Levi alilima, alichota maji kwa mikono, alipika. Na kila asubuhi, kabla ya lolote, alipiga magoti kwenye mkeka. Mamake aliinamisha kichwa, naye akapitisha kiganja chake kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni, polepole, akitafuta hata ukwaruzo.

"Kuna kitu?" mama alikuwa akiuliza.

"Bado, mama."

Asubuhi moja ya Desemba, soko la Krismasi likiwa limechangamka hata kelele zake zinasikika nyumbani, alishindwa kulisema neno lile. "Kuna kitu," alisema. "Kidogo. Hapa nyuma."

Mama Nasimiyu alinyanyuka kama msichana. Alichukua kikapu chake cha nyanya kilichokuwa kimening'inia ukutani miezi yote ile, akakipuliza vumbi, akaenda mpaka kizingitini. Hapo alisimama. Aliupeleka mkono wake mwenyewe chini ya leso, nyuma, mahali ambapo Levi alikuwa amesema. Akaukawiza huko.

Kisha alirudi. Alikitundika kikapu, akaketi kwenye mkeka, akaikunja miguu yake vizuri. Hakumgombeza.

"Kesho uguse vizuri, papa," alisema.